Bomba la moshi limefika kwenye upenu: tuzunguke au tutoboe?

Maswali ya wasomaji: Nyumba na Ufundi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama lishe nipo Nkuhungu hapa Dodoma, napika nyumbani halafu chakula napeleka saiti za ujenzi, watu kama 40 kwa siku. Jiko langu ni la chuma la kuni, nilichomelewa na fundi, lina mlango mbele na tundu la bomba la nchi 6 kwa nyuma, lipo kwenye chumba cha jiko kilichoungana na nyumba kubwa. Moshi unanimaliza macho na kifua, watoto nao wanakohoa. Nimeamua bomba litoke ukutani lipande kwa nje, sasa shida ni upenu, umetoka kama sentimita 60 kutoka ukutani, chini una silingi ya PVC, mbele kuna fishabodi (ule ubao wa ukingo wa paa) na gata la kupeleka maji kwenye tenki. Fundi wa kwanza anasema bomba liishie chini ya upenu liangalie nje, wa pili anasema tuuzunguke upenu kwa elbo, shemeji yangu anasema tutoboe tu bati lipande moja kwa moja. Baba watoto bati lake jipya hataki liguswe. Tufanyeje? (Mama lishe, Nkuhungu)

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana na moshi, najua mtu akishasema macho na kifua basi amevumilia muda mrefu. Nianze na huyo fundi wa kwanza maana huyo ndo ananitia hofu. Bomba kuishia chini ya upenu usikubali hata kama ni bei rahisi, hata kama jirani kafanya hivyo na nyumba yake bado imesimama. Moshi ukitoka pale chini hauendi nje, unapanda, na juu yake pana silingi yako ya PVC ambayo ikifika kama digrii 80 tu inaanza kulainika na kupinda, halafu juu ya PVC kuna mbao, na kati ya mbao na bati kuna uwazi ambao moshi unaingia unasambaa darini, kwa hiyo moshi ulioutoa jikoni unaurudisha vyumbani kupitia dari. Na cheche zinazopanda na moshi wa kuni zinatua huko huko kwenye mbao kavu. Tena na upepo wetu wa kiangazi, ule wa mwezi wa sita mpaka wa tisa ukigonga ukuta unaingia kwenye mdomo wa bomba unausukuma moshi kinyumenyume, unakuta jiko linatema moshi kwa mlango wa mbele kana kwamba halina bomba kabisa.

Hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi wa kuchomelea hawalijui, na wala siwalaumu maana kazi yao ni mageti na madirisha. Wanadhani moshi ukishaonyeshwa tundu utatoka. Moshi unatoka kwa sababu hewa ya ndani ya bomba ni ya moto na nyepesi kuliko hewa ya nje, basi, hamna nguvu nyingine inayouvuta. Kwa hiyo bomba likiwa refu na la moto linavuta, likiwa fupi, au limepoa njiani, au lina kona nyingi, halivuti. Na sisi huku Dodoma tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar, na hiyo inapunguza mvuto kidogo, kwa hiyo bomba ambalo Dar lingetosha huku liongezee urefu. Mi napenda kuanzia juu ya jiko mpaka mdomo wa bomba ipatikane mita 4.5, chini ya hapo utapata jiko linalovuta siku nyingine na siku nyingine linakasirika.

Sasa kuzunguka au kutoboa. Mimi nipo na shemeji yako. Najua baba watoto hatafurahi ila nisikilizeni wote wawili kwa hesabu.

Ili bomba lizunguke upenu lazima lihame kutoka ukutani likapite mbele ya gata. Upenu sentimita 60, gata weka 12, nafasi ya usalama kati ya gata na bomba 10, bado unene wa bomba lenyewe. Ukipiga hesabu, ukatoa nafasi ambayo bomba lilishakuwa nayo kutoka ukutani, linatakiwa lihame kama sentimita 72 kwenda mbele. Elbo inayofaa kwa kazi hiyo ni ya digrii 30, siyo ya 90, kwa sababu kwenye kona ya 90 moshi unagonga, unapoa, masizi yanakaa, na brashi ya kusafishia haipiti. Kwa digrii 30 kipande cha mshazari kinakuwa na urefu wa mita 1.44 na kinakula mita 1.25 ya kimo, yaani lazima uanze kukunja zaidi ya mita moja chini ya upenu. Kuta zetu nyingi upenu uko mita 2.7 hivi kutoka chini, bomba lako linatoka ukutani kama mita moja na zaidi, kwa hiyo ukishatoka tu unaanza kukunja, halafu likifika juu linasimama hewani karibu mita nzima kutoka ukutani halina cha kuegemea, utalitengenezea brakti ndefu za chuma cha pembe (angle line) kila mita, na upepo unalitikisa, na gata haliwezi kushika kitu. Hela utakayotumia kwenye hizo brakti na elbo mbili ni nyingi kuliko ya kutoboa bati vizuri. Na mwisho wa yote umepata bomba lenye kona mbili za ziada linalovuta kidogo kuliko lililonyooka.

Ila kutoboa nako kuna masharti na hapa naomba usiruke hata mstari mmoja, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea na nilijuta. Miaka ya nyuma nilifunga bomba kwenye nyumba moja upande wa Miyuji, bomba la bati moja tu la kawaida, nikalipitisha kwenye upenu nikaacha nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye ubao nikaona inatosha, maana siku ya kujaribu ubao ulikuwa vuguvugu tu. Baada ya msimu mmoja mwenye nyumba akanipigia anasema kuna harufu. Nilipofungua silingi ubao wa pembeni ulikuwa mweusi unamomonyoka kwa kidole kama mkaa. Ubao ukichemka kila siku, wiki kwa wiki, unageuka taratibu na unafika mahali unashika moto kwa joto dogo kuliko ubao mpya. Ile nyumba ilikuwa na watoto wamelala ndani. Nilibomoa kwa gharama yangu nikafunga upya na tangu siku hiyo sijapitisha bomba la bati moja karibu na mbao.

Kanuni ni hii: bomba la bati moja linataka sentimita 45 kila upande mpaka kwenye kitu kinachoungua. Upenu wako wote ni sentimita 60, haiwezekani. Kwa hiyo kuanzia linapotoka ukutani mpaka juu liwe bomba ndani ya bomba, la ndani nchi 6, la nje nchi 10, na katikati ujaze roki wuli, ile pamba ya madini isiyoungua, siyo sponji, siyo makapi, siyo pamba ya godoro. Zile za kiwandani zilizopimwa zinaruhusiwa kukaa sentimita 5 tu kutoka kwenye mbao lakini hili la kwetu la kutengenezewa mtaani halijapimwa na mtu, kwa hiyo mi nataka sentimita 10 tupu pande zote, na nikisema tupu namaanisha tupu, usijaze chochote pale, hewa ndo inayopoza. Faida nyingine bomba la hivyo linabaki na joto ndani, moshi haupoi njiani, kwa hiyo linavuta vizuri na halitengenezi ile lami nyeusi inayoganda ndani ya bomba moshi ukipoa.

Upenu wako unatosha. Weka bomba sentimita 10 kutoka ukutani, unene wake 25, umefika 35, inabaki 25 mpaka fishabodi. Gata halijaguswa wala fishabodi haijakatwa. Kabla fundi hajatoboa ukuta apande kwanza darini aangalie kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ziko wapi, bomba lipite katikati ya kenchi mbili, kenchi haikatwi kabisa. Papi, ile mbao inayopigiliwa bati, ikiwa njiani inaweza kukatwa ila zifungwe mbao mbili za kukingama pande zote za tundu ili bati lisilegee. Silingi ya PVC eneo hilo toa yote kwa upana wa mita moja hivi, weka shiti ya bati flati yenye tundu. Na kama kuna msomaji mwingine anafuatilia hili jibu na nyumba yake ni ya zamani yenye paa la asbesto, wewe usikate wala usitoboe, vumbi lake linaharibu mapafu, tafuta njia nyingine.

Kuhusu kuvuja, ambako ndo wasiwasi wa baba watoto. Bati linavuja pale fundi anapopaka silikoni juu juu akaondoka. Flashingi, yaani shiti ya kuziba maji kuzunguka bomba, inatakiwa upande wa juu iingie CHINI ya bati, na upande wa chini ilale JUU ya bati, maji yanayoshuka yapande juu ya flashingi yapite. Kama bati lako ni refu moja kutoka kofia ya paa mpaka upenuni, kata shiti flati ndefu inayokwenda kuingia chini ya kofia, ni bati la ziada lakini halivuji. Kisha kwenye bomba lenyewe funga kola kama sketi juu ya flashingi, na hapo ndo silikoni inaingia, ile ya kuhimili joto, siyo ya dirisha. Sisi mvua zetu ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, ukifanya kazi hii kiangazi una muda wa kumwaga maji kwa ndoo juu ya paa ukaangalia chini, mwite baba watoto aje ashuhudie mwenyewe.

Urefu juu ya paa. Mdomo wa bomba uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kuzunguka, na paa lako lenyewe nalo ni kitu, linapanda. Paa la mwinuko wa digrii 20 ukienda mita 3 ndani limepanda mita 1.1, jumlisha 60, unapata mita 1.7 kutoka pale linapotobolea. Lakini ukipima kutoka juu ya jiko hapo unapata mita 3 na nusu tu, kwa hiyo ongeza kipande kingine cha mita moja. Bomba likizidi mita 1.5 juu ya bati lifungwe na nondo mbili za mshazari, vimbunga vyetu vya vumbi vinang'oa mabango sembuse bomba. Kofia ya mvua iwe na nafasi ya kutosha chini yake, kama sentimita 15, ukiibana sana umeziba.

Pale ukutani ni tofali kwa hiyo moto hausumbui, ila usilisakafie bomba kwa saruji moja kwa moja. Chuma kikipata joto la digrii 300 kila mita moja inarefuka zaidi ya milimita 3, itapasua plasta yako. Weka kwanza kipande cha bomba kubwa ukutani, hilo ndo lisakafiwe, bomba la moshi lipite ndani yake lina uhuru. Kile kipande cha kulala kiwe kifupi na kiinuke kidogo kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita. Nje usiweke elbo, weka T, mguu wake wa chini uwe na kifuniko cha kufungua, masizi yote yanaangukia pale unayatoa bila kupanda juu. Na kwenye maungio mdomo mwembamba uangalie chini kuelekea jikoni, watu wanageuza wakidhani ni kama gata, matokeo yake lami ya moshi inachuruzika nje ya bomba inachafua ukuta na kunuka. Skrubu tatu kila ungio.

Kitu kimoja fundi atakushawishi: bomba la maji la GI maana lipo kila duka. Kwa kile kipande cha karibu na jiko usikubali, ile rangi ya fedha ni zinki na ikipata joto kali inatoa moshi wake unaoumiza. Chuma cheusi cha milimita 2 kinatosha.

Na tenki lako la maji, nimelifikiria sana hilo maana Dodoma maji ya mvua siyo ya kuchezea. Masizi yatatua kwenye bati. Weka pale kwenye paipu ya kushuka kipande cha kufungua ili mvua za kwanza zimwagike nje, paa likishaoshwa ndo uruhusu maji yaingie.

Kusafisha ni brashi ya waya, kwa jinsi unavyopika kila siku ningependa uangalie kila mwezi, masizi yakifika unene wa milimita 3 yasafishe siku hiyo hiyo. Kuni ziwe kavu kabisa, zilizopasuliwa na kukaa juani kiangazi chote, hapo Mungu katupendelea jua tunalo. Plastiki na mbao za rangi hapana. Ile lami ikikusanyika ikashika moto ndani ya bomba, joto lake linaweza kupita digrii 1,000, utasikia mngurumo kama lori linapanda mlima. Ikitokea funga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa, toa watu nje, piga 114, usimwage maji ndani ya bomba.

Nimalizie kwako kwa jambo moja la moyoni. Serikali ina mkakati wa miaka 10, 2024 mpaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na najua bei ya kujaza mtungi kwa anayepikia watu 40 siyo mchezo. Ila hata ukianza na gesi kwa chai na mboga tu na kuni zikabaki kwa wali na maharage, kifua chako kitashukuru.

SWALI: Habari za kazi fundi. Bibi yangu yupo kijijini Chamwino anaishi kwenye tembe, paa tambarare la udongo, anapikia mafiga humo humo ndani. Nataka nimuwekee bomba la bati litokee juu. Inafaa? (Mjukuu, Chamwino)

JIBU: Nzuri kijana wangu, na hongera kwa kumfikiria bibi. Watu wanaona tembe ni udongo basi haliungui, kumbe chini ya udongo kuna fito na magogo makavu ya miaka mingi. Bati tupu kupita hapo ni yale yale ya Miyuji niliyoyaeleza juu. Na mafiga yakiwa wazi bomba halitasaidia sana, litavuta hewa ya baridi ya chumba kizima na moshi utabaki chini. Anza kwa kumjengea jiko la udongo lililofungwa, la matundu mawili ya sufuria, halafu kutoka nyuma yake jenga dohani ya tofali na udongo imeegemea ukuta, inapanda wima. Hapo paani weka kwanza nguzo ya kushikilia kabla hujakata fito hata moja, kisha acha vidole vitatu kati ya tofali na mti wowote. Juu ya paa jenga tuta la kuzunguka dohani kimo cha sentimita 15, maana paa ni tambarare maji yatasimama.

Halafu kuna hili watu hawalisemi. Ule moshi wa miaka yote ndo ulikuwa unafukuza wadudu kwenye miti ya paa, na pengine bibi ananing'iniza mbegu zake pale juu kwa sababu hiyo hiyo. Moshi ukiondoka mchwa na dumuzi watakuja. Kwa hiyo kila ukienda kumsalimia panda uangalie magogo, na mbegu mtafutie pipa lenye mfuniko.

SWALI: Fundi, huku Kongwa mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku ni kali, tunaingiza jiko la mkaa chumbani na dirisha tunaacha wazi kidogo. Je tukiweka bomba dogo juu ya jiko itakuwa salama? (Baba wa mapacha, Kongwa)

JIBU: Hapana baba, usiweke bomba, litoe jiko. Mkaa hauna moshi wa kuonekana kwa hiyo mtu anajiona salama, lakini unatoa kaboni monoksaidi nyingi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, na aliyelala haamki. Jiko la mkaa la kawaida liko wazi pande zote, hakuna bomba la kulishikilia hilo, na dirisha lililoachwa kidogo halitoshi. Na usidanganyike na mkaa uliokwisha kuwa mwekundu au kufunikwa jivu, bado unatoa. Oteni wote jioni uani au barazani penye hewa, watoto wavishwe soksi na sweta, jiko libaki nje mlango ukifungwa. Na ikitokea asubuhi mtu ameamka kichwa kinamgonga, anatapika, au pacha mmoja hataki kuamka vizuri, mtoeni nje kwanza kwenye hewa kabla ya kitu kingine chochote halafu moja kwa moja hospitali, na mkifika mwambieni daktari kwamba mlilala na mkaa.